Mwenye Mtumbwi wa Njano

Benchi lenyewe lilikuwa mlango. Mlango wa stoo, ulipong'oka bawaba fundi redio akaulaza juu ya matofali mbele ya karakana yake, na tangu siku hiyo wapo watu wakipita pale bila kukaa wanajiona wagonjwa. Liko kwenye kona, pale lami inapokwisha na njia kuanza kuteremka mtoni. Ukikaa upande wa kushoto na kunyoosha shingo, unaona kipande cha mto kati ya ukuta wa kinu cha kusaga na nguzo za daraja, kipande chembamba kama utepe. Mto wenyewe si wa kuaminika, kwa sababu bahari haiko mbali: bahari ikijaa, maji yanageuka na kupanda juu, ikipwa, yanarudi na kuacha tope tupu linalong'aa. Watu wa benchi wanalijua jambo hilo kama wanavyojua kwamba mwezi hupungua. Wanaona, hawaulizi.

Wenye benchi walikuwa watatu. Wa kwanza ni fundi redio mwenyewe, ambaye wote walimwita Redio, kwa kazi yake na kwa sababu akishawaka hazimiki. Wa pili ni Jaji, mzee aliyekuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu. Hakuwahi kuhukumu hata kuku, lakini kubeba mafaili miaka yote ile kulimwachia ile sauti. Wa tatu ni Breki, fundi baiskeli. Jina hilo lilimkaa mara mbili, maana mtu akileta mpango wowote, wa kuoa, wa kuhama, wa kufuga bata, Breki kazi yake ni kuusimamisha.

Na aliyewanywesha kahawa alikuwa Mama Birika, mdogo wake Breki, tumbo moja. Kila asubuhi aliteremsha birika, jiko la mkaa na vikombe vyake pembeni ya benchi, akamimina, akasikiliza, akacheka kimoyomoyo. Watu wengi walidhani hasikii. Ndiyo faida ya kushika birika: watu wanatazama mkono, hawatazami uso.

Mama Birika alikuwa na siri. Mumewe alipofariki, kabla hajaanza kuuza kahawa, alipata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa mdomoni mwa mto. Siku ile nyumba inafungwa, mwenyewe aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achukue anachoweza kubeba. Wenzake wakagombea magodoro na mapazia. Yeye akauona mtumbwi wa plastiki, wa njano, umeegemezwa nyuma ya jiko, ule ambao wageni waliuita kayaki: mwembamba, mwepesi, unakaa katikati ukinyoosha miguu mbele kama mtu aliyekaa mkekani, na kasia lake moja lina bapa pande zote mbili. Hakuna aliyeutaka. Akauburuta majini, akapanda, akapinduka. Akapanda tena, akapinduka tena. Mwishowe ulimkubali, akafika nao nyumbani kwa maji, nguo zote chepechepe, akicheka peke yake kama chizi.

Alipomgusia kaka yake, Breki alikamata hapo hapo.

— Mtoni? Wewe? Mama mzima? Uuze leo leo.

— Haya, kaka.

Akamwambia ameuuza kwa mtu wa mbali, kabla Breki hajauona hata rangi yake. Kumbe mtumbwi ulikuwa umelala chini ya turubai kwenye kitalu cha miche cha rafiki yake, pale kando ya mto. Na asubuhi zile ambazo maji yanaanza kujaa mapema, Mama Birika huvaa koti la mvua na kofia pana ya majani, huusukuma mtumbwi, huyaacha maji yanayopanda yambebe mpaka kwenye kona yenye mikoko, kisha hutupa mshipi wenye chambo cha kamba wadogo na kungoja. Maji yakigeuka, humrudisha. Siku nyingine anapata mkizi wawili watatu, siku nyingine chewa, siku nyingine anapata baridi tu. Hakuwafuata samaki peke yao. Tangu afiwe, kila mtu alikuwa na neno la kumwambia: alale wapi, avae nini, aamke vipi. Pale katikati ya maji hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu.

Siku moja moja alimpelekea kaka yake mkizi wa kukaanga.

— Huyu umemtoa wapi? Breki aliuliza, miiba imemjaa mkononi.

— Kwa muuzaji wangu.

— Usimwache huyo. Samaki wake wabichi.

— Simwachi, kaka.

Sasa asubuhi moja, kahawa ilikuwa imechelewa kidogo na watu wa benchi wamenuna. Mama Birika alipofika na kuanza kumimina, Redio akawaka.

— Leo nimemwona tena.

— Nani? Jaji akauliza.

— Yule jamaa wa mtumbwi wa njano. Nimefungua dirisha, macho bado yana tongotongo, namwona huyo anapita pale kwenye mwanya. Kofia hii hapa! Koti refu! Na sikiliza, mzee wangu: kasia kaliweka magotini. Kakunja mikono kama anayesubiri kinyozi. Na mtumbwi unakwenda! Unapanda mto!

— Si maji tu yalikuwa yanajaa?

— Mzee, usituharibie.

Jaji akafikiri, akaona kweli maelezo yale hayana ladha.

— Naondoa hoja, akasema, akasogeza kikombe chake kiongezwe.

Mama Birika akamwongeza. 

— Mimi mambo ya umeme ninayajua, Redio akaendelea. Yule ana mota chini. Ndogo, haina sauti. Na kamba anayoishusha majini si ya kuvulia. Anapima kina! Anapima wapi pa kusimamisha daraja jipya, na daraja jipya likija litapita wapi? Litapita hapa. Juu ya benchi letu!

— Wapima kina hawaji gizagiza, Jaji akasema. Wanakuja mchana, na viatu vya mpira, na watu wa kuwashikia vijiti. Huyu amevaa kofia pana wakati jua halijatoka. Mtu asiye na hatia anajikinga na jua gani? Huyo ni mtoro wa hukumu. Anaishi kwenye mikoko, anakula samaki wabichi, anangoja kesi yake isahaulike.

— Nyie mnampa akili nyingi, Breki akasema. Huyo ni kichaa wa kawaida. Lakini kichaa mmoja hufundisha wengine. Leo yeye, kesho mtoto wa mtu anaingia mtoni na beseni. Lazima asimamishwe.

 Kusimamishwa na kaka yake kulikuwa kitu Mama Birika anachokifahamu. Akaona bora awape mfupa wa kutafuna, ili waache kumtafuta mwenye mtumbwi.

— Mimi nimesikia anavutwa na samaki, akasema huku anapuliza mkaa.

Benchi zima likageuka.

— Anavutwa?

— Ndivyo wasemavyo kule kisimani. Ana chewa mkubwa, kamfunga kamba. Anamlisha mkate, chewa anavuta. Ndiyo maana hapigi kasia.

— Nilisema! Redio akapiga paja. Nilisema kuna kitu chini!

— Kamfunga kamba wapi? Breki akauliza. Chewa hana shingo.

— Puani.

— Hana pua.

— Basi masikioni, kaka, mimi sikuwepo.

— Huo ni ukatili kwa mnyama, Jaji akasema kwa uchungu. Kuna kifungu. Sikikumbuki, lakini kipo.

Mama Birika akainama juu ya jiko kama anayetafuta kaa lililoanguka. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kabla ya jua kuwa la utosi, habari ilikuwa imezunguka mtaa na kurudi imenenepa. Mteja aliyeleta baiskeli kwa Breki alisema samaki ni wawili, wanapokezana zamu. Mwanamke aliyefuata pasi yake kwa Redio alisema mmoja wao anaitika akiitwa. Mama Birika alijisifu moyoni: nani sasa atatafuta mwanamke mwenye mshipi?

Lakini alisahau kaka yake ni nani. Breki hakuangalia samaki. Aliangalia hatari.

— Kesho alfajiri tunateremka, akasema. Tunamkamata, tunamuuliza ni nani na anataka nini. Redio utapiga picha na simu yako. Mzee utamhoji. Mimi nitamshika.

— Kaka, tope lile baya, Mama Birika akasema. Acheni mtu na mtumbwi wake.

— Wewe mimina kahawa.

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomponza. Yalimwingia kama mwiba. Akamimina, kweli, na huku akimimina akasema kwa sauti tamu:

— Kama ni lazima, basi nendeni kwenye nguzo za gati la zamani, kule upande wa baharini. Nasikia hupumzika pale mapema, maji yakiwa bado kidogo.

Alipachagua makusudi. Gati la zamani liko mbali na kitalu, upande wa chini, na yeye angekuwa upande wa juu, kwenye mikoko. Wangekaa nyuma ya nguzo, wangeng'atwa na mbu, wangechafua viatu, wangerudi wakidai kahawa. Na hadithi ingekwisha.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu mwepesi. Mama Birika alisukuma mtumbwi, maji yakamchukua taratibu kama yanavyomchukua siku zote, akapita kinu, akapita chini ya daraja. Alikuwa hajafika kwenye mikoko aliposikia sauti nyuma yake. Sauti juu ya maji husafiri mbali, na hizi alizitambua moja moja.

— Jamani! Wananchi! Huyo alikuwa Redio.

— Msaada! Kimya! Msaada! Huyo alikuwa Jaji, ambaye hata akiwa taabani ilibidi kwanza atulize korti.

Ya tatu hakuisikia, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Akageuza mtumbwi. Sasa yale maji yaliyokuwa yakimbeba bure yalikuwa yanamsukuma nyuma. Akapiga kasia kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka mikono ikawaka moto na kofia ikamteremkia machoni. Alijikaribiza ukingoni, ambako mkondo ni mdogo, akajivuta mbele kidogo kidogo, akijitukana. Nani kawatuma? Wewe. Nani kasema gati? Wewe na ulimi wako.

Alipokunja kona aliwaona. Walikuwa wametembea juu ya tope maji yakiwa madogo, tope lile ambalo juu lina ngozi ngumu na chini ni uji, mpaka karibu na nguzo. Hapo ngozi ikapasuka. Kila mmoja alikuwa amezama mapajani, na maji yaliyokuwa yanajaa yalikuwa yamefika kiunoni kwa Breki na Jaji, na kifuani kwa Redio, ambaye ni mfupi. Redio alikuwa ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Simu ilikuwa imejaa tope, haiwaki. Breki alikuwa kimya kwa sababu alikuwa amemshika Redio kwapani asizame zaidi, na kazi hiyo ilikuwa inakula pumzi yake yote.

— Huyo! Redio akapiga kelele. Huyo hapo! Bwana! Bwana mwenye samaki!

Mama Birika alivuta kofia chini na kola juu. Kusema asingeweza, neno moja tu na kaka yake angemjua. Akauelekeza mkia wa mtumbwi kwa Redio, akaugonga kwa kasia: shika hapa. Redio akashika. Akamwonyesha kwa mkono: lala kifudifudi. Redio hakuelewa. Akamwonyesha tena, kwa hasira. Redio akalala, akapiga miguu kama chura, na tope likamwachia kwa sauti ambayo siku nyingine ingewachekesha wote. Kiatu kimoja kilibaki humo na hakijaonekana mpaka leo. Akamvuta mpaka kwenye ukingo mgumu wenye mawe, akamwacha pale anakohoa, akarudi.

— Mchukue mzee, Breki akasema. Mimi naweza kungoja.

Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Hakujua kuogelea. Mama Birika alijua hajui. Walikua wote, na Breki hata mvua ikinyesha alikuwa haendi karibu na mtaro. Jaji alipokuwa anashikilia mkia na kujinyofoa mguu mmoja mmoja, Breki alisema tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgeni aliye mlangoni.

— Bwana, samahani. Endapo hutawahi kurudi, pale juu kwenye kona kuna dada yangu anauza kahawa. Mwambie karakana yangu ya baiskeli aichukue yeye. Na mwambie nilimkataza mto kwa sababu naogopa mimi, siyo kwa sababu hawezi.

Mama Birika hakugeuka. Kama angegeuka angeonekana. Aliweka kasia majini na kumvuta Jaji kwa nguvu ambazo hakujua anazo, mzee akipiga mapovu nyuma yake na kutaja majina ya mahakimu aliowahi kuwapelekea mafaili. Akamfikisha. Akarudi, maji safari hii yanamchelewesha, haoni vizuri, na hakujua ni jasho au ni nini.

Maji yalikuwa shingoni mwa Breki. Alishika mkia. Akalala kama alivyoona wenzake wanalala. Tope halikutaka kumwachia, ni mzito, na Mama Birika akavuta, akavuta, mtumbwi ukayumba upande mmoja. Na Breki, nusu mtu nusu tope, kidevu majini, hakuweza kujizuia.

— Taratibu, bwana! Kushoto! Usilazimishe! Punguza!

Mama Birika akasonya.

Ulimtoka wenyewe, ule msonyo mrefu, wa kuvutia mate nyuma ya meno, ambao alimsonya nao tangu wakiwa watoto wanagombania blanketi. Ulisikika vizuri juu ya maji.

Breki akanyamaza. Hakusema kushoto wala kulia tena. Alipiga miguu, tope likamwachia, akavutwa mpaka kwenye mawe mdomo umefungwa kama aliyeambiwa na daktari asiongee. Alipopata pa kukanyaga alisimama akiutazama mtumbwi wa njano ukiondoka haraka, ukikunja kona, kofia haikugeuka hata mara moja.

Mama Birika aliuficha mtumbwi, akabadilisha nguo nyuma ya miche, akapanda kwa njia ya uani akikimbia. Moto ulikataa kushika. Birika alilijaza nusu tu kwa haraka. Alipofika kwenye kona, wale watatu walikuwa tayari wamekaa, wamekauka tope mpaka wanafanana na vyungu ambavyo havijachomwa.

— Na wewe leo ndiyo umechelewa kabisa! Redio akalalamika. Watu tumetoka kufa hapa, hata kahawa hakuna!

— Poleni. Kwani imekuwaje?

Wakamwambia. Yaani Redio na Jaji walimwambia. Breki alikuwa anajikwangua tope kwenye kucha.

— Jitu! Redio akasema. Mabega haya! Mkono mmoja tu kanitoa kama anang'oa muhogo. Na ndevu, nimeziona ndevu chini ya kofia.

— Ndevu zipi? Ilikuwa kovu, Jaji akasema. Kovu kutoka hapa mpaka hapa. Ndiyo maana anajificha. Sasa nawaambia: ni mtoro, lakini mtoro mwenye utu. Nitamwombea msamaha wa hukumu yake.

— Na hasemi. Ni bubu.

— Si bubu. Amekula kiapo.

— Mzee, mimi nimekaribiana naye. Hakuwa na pumzi! Mtu anavuta watu wazima hahemi? Yule si mtu wa kawaida. Na yule chewa nimemhisi, alinigusa mguuni, ndiye aliyenisukuma kutoka chini.

— Ulikuwa mguu wangu, Jaji akasema.

— Mguu wako una magamba?

Mama Birika alimimina, mikono ikimuuma mpaka kwenye mabega. Kule mtoni alikuwa amehema kama mvukuto. Alimpa kaka yake kikombe. Breki alikipokea bila kumtazama.

Wakati huo akaja mpangaji mpya wa chumba kilicho juu ya duka la kinyozi, dada mmoja muuguzi aliyehamia mtaani hivi karibuni, anakwenda zamu. Alisimama kununua kikombe, akasikiliza habari yote kwa heshima, kuanzia ndevu mpaka magamba. Alipomaliza kunywa akarudisha kikombe na kuuliza:

— Mlimwambia asante?

Redio akamtazama Jaji. 

— Mimi nilikuwa nakohoa, akasema. Mzee ndiye aliyekuwa wa pili.

— Nilidhani wewe umeshasema kwa niaba yetu wote.

— Mimi nilikuwa nakohoa!

Wote wawili wakamgeukia Breki. Breki akanywa kahawa. Muuguzi aliwatazama mmoja mmoja, akawaaga vizuri na kwenda zake.  Jaji akanyoosha kikombe kiongezwe, Mama Birika akainamisha birika, likatoa matone mawili na mvuke.

— Imekwisha, akasema.

Bila kahawa hapakuwa na cha kusingizia. Redio akaingia karakana kuifungua simu yake aone kama inaokoleka. Jaji akajizoazoa, akaenda nyumbani kuoga, akichechemea na viatu mkononi. Akabaki Breki. Alikuwa na tope nyuma ya sikio na mdogo wake alitamani kumfuta, lakini hakusogea. Alianza kupanga vikombe ndani ya ndoo.

— Mdogo wangu.

— Abee, kaka.

— Kesho maji yanaanza kujaa saa ngapi?

Mama Birika akafuta kikombe ambacho alikuwa ameshakifuta.

— Mimi nitajuaje, kaka?

— Nauliza tu. Nisije nikakaa hapa nangoja kahawa ambayo hata motoni haijawekwa.

Redio kule ndani alikuwa anaipiga simu kwenye kiganja na kuibembeleza. Mama Birika alikitazama kile kipande cha mto kati ya kinu na daraja. Maji yalikuwa yamejaa mpaka juu, yametulia, bado hayajaamua kurudi.

— Nasikia kesho yatachelewa kidogo kuliko leo, akasema.

— Basi na mimi nitachelewa kidogo, Breki akajibu, akainuka kwenda kuoga.